Tenki la Mzee Mapunda na Homa Zake

Nyie mnaonunua tenki la koni likiwa bado limefungwa nailoni, lina kipimajoto chake ubavuni, lina miguu mitatu iliyonyooka na kitabu cha maelezo kwa lugha sita, kisha mnanipigia simu kuniuliza kwa nini bia yenu haitoi mapovu, nawaonea wivu sana. Letu pia lilikuwa na miguu mitatu. Mmoja ulikuwa mfupi, tukauwekea tofali. Maelezo hayakuwepo kwa lugha hata moja.

Mmeniomba niandike ninachokumbuka, kwa kuwa mmesikia mimi ni mtaalamu mstaafu. Mstaafu ni neno kubwa kwa mtu wa miaka arobaini na kitu. Mimi nimeacha tu, kama nilivyoacha kazi Mtwara, nikaacha Mwanza, nikaacha na Arusha mahali ambapo hata chakula cha mchana walikuwa wanatoa. Miguu yangu haikai. Lakini kila ninapohama, kitu kimoja huwa nahama nacho, nacho ni uani kwa Mzee Mapunda, Tandika, miaka ile ya tisini ambapo kila mtu mjini alikuwa ghafla mfanyabiashara, hata asiyekuwa na biashara.

Kwa asiyejua: tenki la kuchachushia bia ni duara juu, na chini linachongoka kama faneli. Hamira ikimaliza kazi inazama, inateleza kwenye ule mteremko, inakaa nchani. Unafungua valvu ya chini, unaitoa, bia inabaki juu, safi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mengi nitakayowaeleza hapa ni namna isivyokuwa.

Mzee Mapunda alikuwa mtu wa Songea, fundi mitambo wa shirika moja la umma kwa miaka mingi, mpaka alipopunguzwa. Siku hizo watu hawakufukuzwa, walipunguzwa. Neno la kistaarabu kabisa, utadhani mtu ananyolewa nywele. Ujana wake serikali ilimpeleka Ulaya kusoma, akapanga chumba kwa babu mmoja aliyekuwa akipika bia yake mwenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alirudi na cheti cha mitambo na kumbukumbu ya ile bia. Cheti kilipokosa kazi, ikabaki kumbukumbu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, nimetoka kwetu Kimbiji kuja kutafuta maisha. Nikampata yeye. Mama nilimwambia nafanya kazi kwenye vinywaji. Akadhani soda, nami sikuwa na haraka ya kumsahihisha.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatusukuma. Binti yake, Stella, alikuwa anaolewa. Kamati ya sendofu ya kumuaga ilipokaa, Mzee Mapunda alisimama akasema bia ya siku hiyo ataipika mwenyewe. Wajumbe wakampigia makofi ya adabu, kama unavyompigia mgonjwa aliyetangaza kuwa kesho anaanza kukimbia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wake wa zamani kazini, yule yule aliyesoma majina ya waliopunguzwa na kusema orodha imetoka juu. Akatabasamu, akaandika kwenye karatasi yake: Bia, Mapunda.

Tulipofika nyumbani, Mzee akaniambia, "Hamisi, bia hii ikiharibika, hawatasema bia imeharibika. Watasema ndiyo maana alipunguzwa."

Tulikuwa na miezi mitatu.

Pipa la juu alilipata kwenye skrepa, lilikuwa la maziwa, stenlesi safi. Koni tukaipeleka kwa fundi Sefu, Manzese, bingwa wa kutengeneza faneli za mashine za kusaga unga. Sefu alitazama mchoro wa Mzee, akaugeuza juu chini, akasema hakuna shida. Msikieni vizuri fundi anayesema hakuna shida kabla hajauliza swali.

Mfuniko tuliuwekea mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori. Juu tukachomeka mpira wa dripu, ncha yake ikaingia kwenye chupa ya maji, ili hewa ya bia itoke kwa mapovu na inzi wasiingie. Tukapika togwa ya kimea, tukatia maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake, ambayo Mzee aliletewa na baharia mmoja rafiki yake, maua yenye sura ya kumfanya askari yeyote akuulize maswali, tukapoza, tukaimimina tenkini na hamira. Tukavuta viti, tukakaa mbele ya ile chupa kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Mzee akaongeza hamira. Siku ya tatu akaongeza hamira na sukari, akawa anazunguka tenki akizungumza Kijerumani. Mimi nikakumbuka mafundi pancha. Nikachukua maji ya sabuni nikapaka kuzunguka mfuniko. Lahaula! Povu likachemka mfuniko mzima. Bia haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa inapumua vizuri sana, ila ilikuwa inapitia dirishani badala ya mlangoni.

Kwa hiyo nyie mnaonipigia simu: sabuni kwanza. Hamira ya pili ni ya watu wenye hofu, na ya tatu ni ya watu waliosoma Ulaya.

Sasa lile tenki lilikuwa na hamira ya kutosha mkate wa mtaa mzima, na lilikuwa limekaa juani, kwa sababu Mzee alitaka mwanga mzuri wa kulitazama. Jirani yetu alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Kipwani, mtu wa hapo hapo tangu Tandika ina mikorosho, akiuza juisi ya ukwaju na maji baridi. Friji hakuwa nayo. Alikuwa na mitungi miwili iliyozikwa nusu kwenye mchanga mbichi, na maji yake yalikuwa baridi kuliko ya wenye friji, hasa kwa kuwa umeme wa mgao ulikuwa unawatembelea wenye friji kama mgeni.

Akapita uani kwetu kuchukua kamba yake ya nguo.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Tenki la bia," akasema Mzee, kifua mbele.

"Astaghafirullah." Lakini hakuondoka. Akasogea, akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa haraka. "Pipa lenu lina homa."

"Linafanya kazi, mama. Bia ikifanya kazi inapata joto."

"Hata mtoto mwenye degedege anafanya kazi, baba. Litoeni juani, mlivike gunia bichi. Mie nasema kwa ajili ya pipa. Pombe yenu siijui na sitaki kuijua."

Mzee akamshukuru kwa heshima, na alipoondoka akaniambia mama huyu hana elimu ya mitambo. Badala ya gunia akaenda dukani, akarudi na kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani. Tukakifunga ubavuni mwa tenki. Mnajua kinaanzia digrii ngapi? Thelathini na tano. Bia haitakiwi kuzidi hata ishirini na mbili. Kwa maneno mengine, tulikuwa na chombo ambacho kikisoma chochote kile, umeshachelewa. Kilisoma thelathini na saba. Mzee akasema, "Joto la kawaida la mwili," kwa furaha.

Bia ile ilinuka rangi ya kucha. Ukiiacha kidogo glasini, ilinuka ndizi mbivu zilizomwagiwa rangi ya kucha. Tuliimwaga yote mtaroni, na Mzee akabaki amesimama pale mpaka mtaro ukakauka. Kisha akaenda mwenyewe kugonga kwa Bi Mwanaidi, kofia mkononi, kuuliza habari za gunia.

Gunia nawapeni bure. Livike tenki kivulini, pindo la chini liingie kwenye beseni la maji, upande upepo unakotokea uache wazi. Gunia linakunywa lenyewe, upepo unalikausha, tenki linapoa, umeme ukatike usikatike. Nimeona watu Mbezi Beach wana mashine za kupoza tenki zenye thamani ya gari, umeme ukikatika wanalia. Sitaji majina, mnajijua.

Pika ya pili tuliukaza mfuniko, ikapoa vizuri, mapovu yakaja mlangoni kama watu wastaarabu. Siku ya kumi Mzee akaniambia nifungue valvu ya chini nitoe hamira. Nikaifungua. Yote. Kwa nguvu, kama mtu anayefungua bomba la bustani.

Ikatoka hamira kiasi cha kikombe, ikafuatiwa na bia safi, nzuri, inayong'aa, ikienda ardhini.

"Funga!" Mzee akapiga kelele. "Funga wewe!"

Kilichotokea ni hiki. Hamira ikikaa muda mrefu inashikana kama ugali wa jana. Ukifungua valvu kwa pupa, unatoboa shimo katikati, bia inapita shimoni, na hamira inabaki pembeni inakutazama. Dawa yake: usingoje siku kumi, anza siku ya nne, ya tano. Fungua robo, funga, subiri, fungua tena. Na ugonge ubavu wa koni kwa ubao, polepole, kama unamwamsha mtu anayekudai.

Ila sisi hata tulipogonga, haikushuka. Mzee akaweka kipimapembe chake cha shule kwenye koni, akapima, akakasirika. Tukaifungua, tukaipakia kwenye mkokoteni mpaka kituoni, tukarudi Manzese.

"Sefu," akasema Mzee, "nilikuchorea mteremko mkali. Hii umeilaza."

"Bati lilipungua, Mzee wangu. Nikaivuta kidogo."

"Sasa vitu havishuki."

"Unga ungeshuka."

"Siyo unga, Sefu!"

"Ndo nakwambia. Ungekuwa unga, ungeshuka." Akawageukia wateja wengine waliokuwa wamekaa pale. "Mie faneli zangu ziko mji mzima, hakuna mwenye mashine aliyekuja kulalamika. Mtu anatia pombe, anakuja kunisumbua mie."

Akatengeneza nyingine, kali, huku akilalamika mpaka dakika ya mwisho. Ikawa koni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, pamoja na hizo zenu za nailoni. Hilo sikumwambia, angepandisha bei za faneli.

Na ile bia ya pili iliyobaki ilikuwa chungu ya kukunja uso. Mzee akaanza kulaumu maua ya baharia. Mimi nikafungua valvu vipande vipande, ndani ya nyuzi zake za kukazia nikakuta katani ambayo Sefu aliizungushia na rangi ili isivuje, kama mafundi bomba wote walivyokuwa wakifanya. Ilikuwa nyeusi, inateleza, inanuka soksi. Kila pika mpya ilikuwa inapita kwenye soksi. Tangu hapo valvu tuliifungua yote kila baada ya pika, tukaichemsha kwenye sufuria kama kunde. Nanyi mchemshe. Najua hamchemshi.

Sasa tumebakiwa na wiki tano. Pika ya tatu ndiyo ya sendofu, hakuna ya nne: wiki tatu tenkini, kisha siku kumi chupani ipate povu. Mzee alikuwa amepungua uzito. Mwenyekiti alipita mara moja na gari lake, akatazama tenki lililovaa gunia, akasema, "Mapunda, ukiona ugumu sema mapema, bwana. Si aibu." Aliposema si aibu, ndipo nilipoona Mzee ameona aibu.

Tatizo lililobaki lilikuwa moja: mpira. Mpira mpya wa mfuniko, tuliouweka baada ya pika ya pili, ulikuwa unanuka tairi, na harufu ilikuwa imeingia tenki zima. Mzee aliniachia niiondoe akaenda Kariakoo kutafuta sukari. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa ndimu, nikasugua kwa majivu. Tairi.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu wa Kimbiji. Bibi, mtungi ukinuka, alikuwa akiwasha makaa kwenye chetezo, anatupia ubani, anaufunika mtungi juu ya moshi. Maji ya mtungi ule ukiyanywa, unahisi umealikwa mahali. Nikasema, mtungi ni mtungi. Nikaazima chetezo kwa Bi Mwanaidi, hakuuliza, na mimi sikueleza. Nikakiweka chini ya tundu la valvu. Jamani, ile koni mpya ya Sefu ilivuta moshi kama imeumbwa kwa kazi hiyo! Nikafunika mfuniko, nikatupia ubani kila ulipopungua, kwa saa nzima. Nilipofungua, harufu ya tairi ilikuwa imekwisha. Nilijisikia mhandisi.

Wiki tatu zile kila kitu kilikwenda sawasawa. Mapovu mlangoni, gunia linakunywa, hamira ikashuka robo kwa robo, ikatoka nzito kama maziwa ya mgando, bila kutoboka. Siku ya kuitoa, Mzee akajaza glasi, akaiinua juani. Ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Machozi yakamlengalenga. Akaisogeza puani.

Akaishusha. Akaisogeza tena.

"Hamisi. Unasikia harufu gani?"

"Bia, Mzee."

"Mie nasikia maulidi."

Nikamweleza yote, chetezo, bibi, tairi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glasi mkononi.

"Ulifukiza muda gani?"

"Mpaka harufu ya mpira iishe."

"Ikaisha?"

"Ikaisha, Mzee."

"Basi ulifaulu," akasema, akainywa yote, akakunja uso, akaenda kuleta chupa.

Nilimwambia tumwambie Mwenyekiti tenki limetoboka. Akasema tenki halijatoboka. Nikamwambia basi aseme ni mimi. Akanipa mrija tuanze kujaza.

Sendofu ilifanyika ukumbini, wakwe wametoka Moshi, watu wa mbege, ile pombe ya ndizi, watu ambao huwadanganyi kwenye mambo ya kuchachusha. Chupa zetu zikawekwa meza kuu, zimeandikwa kwa mkono wa Stella. Zikafunguliwa pamoja, na ukumbi mzima ukanukia kama nyumba ya bibi yangu siku ya Idi. Meza ya Waislamu, waliokuwa na soda zao, ndiyo peke yake iliyoisifu. "Inanukia vizuri, mashallah!" Sifa kamili, kutoka kwa watu ambao hawatainywa milele.

Mzee mmoja wa wakwe alionja, akaweka glasi chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Jamani, tumekuja sendofu au hitma?"

Ukumbi ukacheka. Kabla kicheko hakijaisha, makreti ya bia ya kiwandani yakaanza kutoka nyuma ya jukwaa, chupa zinatoka jasho la baridi. Bia haipoi kwa dakika tano, wadogo zangu. Ilikuwa kwenye barafu tangu asubuhi.

"Lakini tusimlaumu mzazi mwenzetu," Mwenyekiti akaendelea, ameshika bega la Mzee Mapunda kwa huruma. "Haya mambo ni vijana. Nasikia anayeosha tenki ni huyu kijana wako hapa, au siyo, Mapunda?"

Nilikuwa nimesimama kando ya meza na jagi la bia yetu. Watu mia mbili wakanigeukia. Nikamtazama Mzee nikamwitikia kwa kichwa, maana yake sema ndiyo, imekwisha. Neno moja tu, na angetoka pale kama baba aliyeangushwa na msaidizi, si mtu aliyeshindwa.

"Anaosha," akasema Mzee. Kipaza sauti kilikuwa mbali lakini alisikika. "Anaosha vizuri kuliko mimi. Nimepika mimi."

Mwenyekiti akaondoa mkono begani kwake, akaanza kupekua karatasi yake. Muziki nao haukujua kama upigwe.

Stella alikuwa jukwaani pembeni ya mchumba wake, gauni la bluu, mkono mzima una hina. Akashuka ngazi, akachukua glasi ya baba yake mezani, akanywa. Hakuonja, alinywa, funda kwa funda, macho yamefumba, mpaka chini. Akakohoa.

"Baba, mbaya."

"Najua, mwanangu."

"Mbaya sana."

"Najua."

Akanigeukia na glasi tupu. "Kaka Hamisi, niongeze."

Bia ya chupani inamiminwa glasi ikiwa imelazwa kidogo, inashuka ubavuni taratibu, ukikaribia kujaza ndipo unaisimamisha, povu linakaa vidole viwili. Ya kwenye jagi vivyo hivyo. Nilikuwa najua hayo yote, nilikuwa nimewafundisha hata wahudumu wa ukumbi mchana ule. Nikammiminia Stella glasi ikiwa wima, na nikalowesha meza kuu nzima.